WALIMU WA FASIHI WASIWAAIBISHE WATOTO KWA MILA ZAO

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu maandalizi ya walimu wa fasihi wa shule za sekondari.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, mkoani Mara. Binti mmoja niliyemfundisha alichaguliwa kwenda sekondari ya mbali. Likizo alikuja kunisalimu akiwa na kitabu cha Unanswered Cries, cha Osman Conteh wa Sierra Leone. Kinaeleza habari za msichana Olabisi, anayetakiwa kukeketwa kwa desturi ya chama cha wanawake kiitwacho Bondo, naye hataki.

Kitabu ni kizuri. Lakini kiliposomwa darasani, mwalimu, kijana aliyetoka chuoni karibuni, alimwambia binti yule: "Si ndiyo mila zenu hizi? Simama uwaeleze wenzako." Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku ile hanyooshi mkono katika kipindi hicho.

Aliniambia, "Mwalimu, mimi sikukeketwa. Mama alikataa. Lakini hakuna aliyeniuliza."

Ndugu Mhariri, simlaumu kijana yule peke yake. Chuoni alifundishwa dhamira, wahusika na mandhari, ili wanafunzi wafaulu mtihani. Hakufundishwa afanye nini pale ambapo watu wanaosimuliwa kitabuni wanafanana na mtoto aliyeketi mbele yake.

Wapo watakaosema kwamba mila mbaya haifai kuonewa haya. Nakubali. Sheria yetu tangu mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, nami huwaeleza wanafunzi wangu hivyo. Lakini kukemea mila ni jambo moja, na kumdhalilisha mtoto kwa sababu ya kabila lake ni jambo jingine. Wale waliocheka hawakujifunza ubaya wa ukeketaji. Walijifunza kumdharau mwenzao. Wala hawakuelewa kwa nini watu wanaompenda mtoto wao humpeleka kwenye kisu, wakiamini kwamba bila hivyo hatahesabiwa mwanamke kamili. Asiyejua sababu hiyo atamshawishije mzazi aache?

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mwanachuo asome kitabu cha watu wasio wa kwao, kisha awaulize wenyewe kabla ya kutoa hukumu. Vitabu tunavyo. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akazifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Pili, wakati wa mazoezi ya kufundisha, mkufunzi atazame pia jinsi mwanachuo anavyoongoza mjadala, asije akamfanya mtoto mmoja kuwa shahidi wa kabila zima.

Nawaomba wahusika walitazame jambo hili. Binti yule alikuwa hodari wa kusoma kwa sauti katika darasa langu. Sipendi anyamaze.

Mwalimu wa Kijijini,
Mkoa wa Mara.