Chandarua na Bakuli la Mtoto

Mwaka 1999 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa nchini Tanzania, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 hesabu hiyo ilikuwa imeshuka hata 43. Hili ni jambo la kushukuru. Lakini tusidanganyike, maana hesabu ya nchi nzima haibishi hodi katika kila nyumba.

Tutazame Muleba. Huko mbu walikuwa wamezoea dawa ya vyandarua, iliyo ya jamii ya pareto. Miili yao yaivunja nguvu. Basi wataalamu wakafanya jaribio. Vijiji vingine vilipewa vyandarua vya desturi, na vingine vyandarua vyenye PBO, kitu kimzuiacho mbu asiivunje dawa ile. Baada ya miezi 9 watoto walipimwa. Katika kila 100, wenye malaria walikuwa 42 upande wa vyandarua vya desturi, na 29 upande wa vile vipya. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likavikubali. Walakini, mwaka wa kwanza watu 77 katika 100 walilala ndani ya vyandarua. Mwaka wa pili 59 tu. Chandarua kilichochanika, au kilichofungiwa sandukuni, hakimlindi mtu.

Neno la pili ni chakula. Mgeni apitaye Bukoba huona migomba kila upande, akadhani hapa hapana upungufu. Kumbe mwaka 2022 watoto wa Kagera waliodumaa walikuwa 34 katika 100, hali nchi nzima ni 30. Ndizi hushibisha, lakini hazitoshi kuujenga mwili. Mtoto akiisha kutimiza miezi sita, pamoja na kunyonya, ahitaji maharage, dagaa, maziwa, yai na mboga za majani.

Tena nyumba hazilingani. Huyu ana ng'ombe wa maziwa, na jirani yake hana hata kuku. Huyu akaa karibu na zahanati, na yule wa kisiwa cha Goziba hana budi kuvuka ziwa aifikie hospitali kubwa.

Basi, ninyi walimu, mjueni mtoto aliyepitwa kimo na wenzake, mkaulize kwao hula nini. Nanyi akina baba na mama, kabla ya kulala usiku huu, kitazameni chandarua cha mtoto. Na kikiwa na tundu, leteni sindano na uzi. Mwenye maziwa ya ziada na amkumbuke mtoto wa jirani.