Kupima Uchachu wa Maji Pamoja na Watoto

Maji ya mvua na maji ya kisima huweza kuonekana sawa machoni, lakini hayafanani. Mvua hufyonza hewa ya ukaa angani na kuwa na uchachu kidogo. Maji ya visima vingi vya pwani ya Kilwa hupita katika mwamba wa chokaa ya matumbawe, aina ya mawe yaliyojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, na chokaa hiyo hupunguza uchachu.

Uchachu hupimwa kwa kipimo cha pH, kuanzia 0 hadi 14. Namba 7 ni katikati. Chini yake ni asidi, juu yake ni besi. Mvua safi hukaribia 5.6 na maji ya bahari 8.1.

Wazazi na walezi wanaweza kuwaonesha watoto tofauti hiyo nyumbani. Mtu mzima aloweke rozela kavu katika maji ya moto, kisha ayachuje yakipoa. Vikombe vinne vyeupe viwekwe maji ya ndimu, maji ya majivu yaliyochujwa, maji ya mvua na maji ya kisima. Watoto wadondoshee kila kikombe matone yenye idadi sawa. Penye ndimu rangi hubaki nyekundu. Penye majivu huelekea kijani. Watoto walinganishe mvua na kisima na vikombe hivyo viwili. Rozela yenyewe ni chachu, hivyo jaribio hili hulinganisha tu, halitoi namba.

Maji ya jaribio yasinywewe, na ya majivu yasiguse macho. Dawa ya klorini isichanganywe na ndimu, kwani hutoa gesi yenye sumu.

Jambo la kuwasisitizia watoto ni kwamba rangi si ushahidi wa usalama. Vimelea vya kipindupindu havionekani kwa rozela. Maji ya kunywa yaendelee kuchemshwa au kutibiwa.

Hata hivyo, uchachu una uzito katika huduma. Maji yenye asidi hula mabomba ya chuma, na pH ikizidi 8 nguvu ya klorini hupungua. Kwa sababu hiyo pH hupimwa wakati wa kutibu maji.

Mwananchi atakayeona maji yamebadilika rangi, ladha au harufu atoe taarifa kwa chombo cha watumia maji cha kijiji chake, ofisi ya mtendaji au RUWASA wilayani, ili sampuli ipelekwe maabara.