Chumba Wasichokiona Wageni

Ukikaribishwa katika nyumba ya Kamatanda, karibu na Likasi huko Katanga, Kongo, utakaa pazuri. Makochi yamevishwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, televisheni iko juu ya kabati lake, na ukutani kuna picha ya harusi pamoja na kalenda ya mwaka juzi ambayo haijatolewa kwa sababu mandhari yake inapendeza. Kisha kuna pazia. Nyuma ya pazia hilo ndipo wenye nyumba wanapolala, na huko mambo ni mengine: godoro liko sakafuni, gunia la unga limeegemezwa ukutani, nguo zinaning'inia kwenye misumari, na buti za mgodini zimewekwa hatua moja kutoka kwenye mto wa kulalia.

Kazi yangu ni kupanga nyumba, kwa hiyo mapazia ya namna hiyo nimeyafunua mengi. Mama mmoja, mwenye chumba cha mita tatu kwa tatu, aliponiona nimesimama mlangoni nikikikagua, alinicheka kidogo: "Papa, wageni hawafiki huku."

Hawafiki, kweli. Wanaofika ni yeye, mumewe na mtoto wa mwisho, kila usiku, kwa saa saba au nane.

Tabia ya kuipa sebule kila kizuri si ya jana. Miaka ya 1970, Katanga ilipokuwa ikiitwa Shaba, Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walichunguza michoro iliyokuwa ikiuzwa katika miji hii ya migodi: Mamba Muntu, yule nguva mwenye nywele ndefu, na ile ya ukoloni wa Wabelgiji yenye askari na kiboko chake. Wanunuzi walikuwa watu wa kipato cha kawaida, na mchoro ulitundikwa sebuleni uzue maongezi. Wenyewe waliuita ukumbusho. Ni desturi nzuri na siitaki ife. Ila sebule ilipofanywa uso wa nyumba, chumba cha kulala kikageuka stoo yenye godoro.

Wengi wanaoniita hutarajia nianze na rangi au mapazia. Mimi huanza na vumbi.

Kamatanda iko penye shaba, kaskazini mwa Likasi, na wachimbaji wadogo hurudi nyumbani na udongo wa mgodi kwenye nguo, nywele na kucha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa KU Leuven ya Ubelgiji, wakiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2018 walichapisha walichokikuta Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambao watu walichimba kobalti hadi ndani ya viwanja vyao. Walipima mkojo na damu za wakazi pamoja na vumbi la majumbani, na kobalti ilikuwa juu zaidi kwa watoto. Mtoto hatambai mgodini. Anatambaa sakafuni kwenu, kisha anatia vidole mdomoni.

Kwa hiyo pambo la kwanza la chumba ni msumari wa nje. Nguo za kazi zitundikwe nje au kwenye kibaraza, buti ziishie hapo hapo, na mchimbaji aoge kabla hajagusa shuka. Mfuko wa mawe yenye madini usiwekwe chini ya kitanda, hata kama mnaogopa wezi. Halafu uachane na ufagio mkavu chumbani, maana unalirusha vumbi hewani nalo linarudi kutua juu ya mto. Tambara lililoloweshwa maji linaliokota.

Baada ya vumbi, baridi. Ndugu zangu wa Mombasa hawaniamini nikiwaambia kwamba Kongo kuna mahali watu wanatetemeka usiku. Likasi iko juu, kama mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Bati linafanya mambo yawe mabaya zaidi. Anga ikiwa wazi bila mawingu, bati hupoteza joto lake kuelekea juu mpaka likawa baridi kuliko hewa yenyewe. Watu wawili waliolala hutoa kwa pumzi na jasho karibu nusu lita ya maji kwa usiku mmoja. Mvuke huo ukigusa bati unageuka matone, na matone yanarudi kuwadondokea. Wengi hudhani paa linavuja. Paa ni zima, kinachokosekana ni dari. Hata dari ya mifuko ya unga iliyofuliwa, ikashonwa pamoja na kukazwa vizuri kwenye fito, huacha tabaka la hewa kati yenu na bati, na tofauti mnaihisi usiku uleule.

Lakini wenye baridi na wasio na dari huingiza mbabula, yaani jiko la makaa, chumbani. Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini. Makala yakishika vizuri hayatoi moshi (huku Katanga makaa ndiyo makala, kwa hiyo ndiyo, haya ni makala ndani ya makala), na watu huuchukulia ukosefu wa moshi kuwa usalama. Gesi inayoua haina rangi wala harufu. Ni kaboni monoksaidi, nayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu inazunguka mwilini ikiwa imebeba mzigo usiofaa. Aliyelala haamki akakohoa. Usingizi wake unazidi kuwa mzito tu. Hakuna namna salama ya kulala na mbabula, hata mlango ukiachwa wazi kidogo. Ota moto nje, chemsha maji, jaza chupa ya plastiki ngumu isiyovuja, ifunge kwa kitambaa na uitangulize kitandani miguuni. Blanketi la pili liweke chini ya shuka badala ya juu, kwa sababu baridi nyingi ya godoro jembamba hutoka sakafuni.

Ukuta sasa. Vyumba vingi hapa ni vya matofali ya udongo, na fundi atakushauri upake rangi ya mafuta kwa kuwa inang'aa na kufutika. Ikataeni. Ukuta wa udongo hunywa unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa mafuta, unyevu hukwama ndani na baada ya masika moja rangi inabanduka kama ganda la yai. Kinachofaa ni chokaa, na chokaa haitoki mbali. Kakontwe, hapa hapa Likasi, kuna machimbo ya mawe ya chokaa yanayojulikana kiasi kwamba wanajiolojia wameliita tabaka zima la mawe kwa jina la Kakontwe. Lowanisha ukuta kwanza, paka mikono mitatu myepesi kama maziwa, na uache kila mkono ukauke. Chokaa hukaza kwa kunyonya hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, na ukali wake huzuia ukungu. Linda macho yako wakati wa kupaka. Ukitaka rangi, chekecha udongo mwekundu wa kichuguu na uchanganye katika mkono wa mwisho. Utapata wekundu mpole unaopendeza sana mbele ya taa. Udongo huo usichotwe karibu na mgodi, kwa sababu nilizozieleza.

Taa yenyewe iwe ya mwanga wa manjano. Balbu nyeupe kabisa inafaa duka la dawa. Na kwa kuwa bwawa la Mwadingusha, lililoanza kutoa umeme mwaka 1930, liko jirani kwenye mto Lufira lakini umeme wa mtaani unakuja na kuondoka, taa ndogo ya sola kando ya kitanda si anasa.

Kuhusu kitanda sina mengi. Mbao za mninga, ambazo wengi hapa huziita mulombwa, mchwa hawazipendi, na chaga zikaribiane kiasi cha upana wa kiganja. Kiwe na nafasi pande zote ili chandarua kichomekwe chini ya godoro. Chandarua chenye dawa kianikwe kivulini. Jua linaiharibu dawa.

Godoro ndilo linalowagharimu watu, kwa sababu sokoni wanauziwa unene. Unene ni hewa. Kinachobeba mgongo ni uzito wa sponji: chini ya kilo 20 kwa mita moja ya ujazo, godoro litakuwa na shimo katikati kabla ya mwaka kwisha, kilo 25 na kuendelea, mtalala. Godoro la sentimita 190 kwa 140, lenye unene wa 15, linakaribia sehemu nne za kumi za mita ya ujazo, hivyo zuri lipate walau kilo 10.

Nilimweleza hesabu hii mume wa yule mama. Hakusema neno. Alilikunja godoro lililokuwa linauzwa pale sokoni, akalibeba kichwani, muuzaji akimfuata kwa makelele, mpaka kwa mnunuzi wa madini, akalitupa juu ya mizani. Kilo 6 na nusu. Muuzaji akaapa kwamba mizani ya madini huwa inaiba kilo. Kwa hilo, watu wote waliokuwa pale na mifuko yao wakakubaliana naye, lakini godoro tuliliacha.