NGOZI ILIYOFUNIKA HEMA LA MUNGU



Katekista wa kigango kimoja hapa mkoani Singida alitujia akiwa na fadhaa. Alikuwa akiwasomea watoto, katika kitabu cha Kutoka, jinsi Musa alivyoagizwa kutengeneza Hema Takatifu. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ambayo Wakristo wengi wanayo nyumbani, hutaja hapo ngozi za pomboo. Mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, pomboo ni nini?" Sisi tunayajua maziwa ya Singidani na Kindai, bahari tunaisikia tu. Katekista akajibu kwamba ni samaki mkubwa. Kumbe pomboo si samaki: huvuta hewa na hunyonyesha watoto wake.

Tulimwambia asione haya, kwa kuwa hata wataalamu wamehangaika na neno hilo. Kwa Kiebrania ni "tahashi", nalo halikuelezwa popote katika Maandiko. Wayahudi waliotafsiri Biblia kwa Kigiriki kabla ya Kristo walidhani ni rangi, wakaandika ngozi za rangi ya buluu. Mtakatifu Yeronimo, katika Kilatini, naye alifuata njia ya rangi, akataja ya zambarau. Martin Luther alitaja mnyama wa porini wa Ulaya, wa jamaa ya nyegere wetu, na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ikasema hivyo hivyo.

Baadaye wengine walitazama Bahari ya Shamu, iliyo jirani na jangwa la Sinai. Humo anaishi nguva. Hatusemi yule mwanamke mwenye mkia wa samaki anayesimuliwa katika hadithi, bali mnyama halisi, mwenye urefu wa kama mita 3, alaye majani ya baharini na kunyonyesha mtoto wake. Hata hapa Tanzania wamebaki wachache katika maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Mwaka 1834 mtaalamu Mjerumani, Eduard Rüppell, alimpa nguva wa Bahari ya Shamu jina la Kilatini lenye maana ya "wa hema", kwa kuwa aliamini ngozi yake ndiyo iliyotajwa na Musa. Lugha ya Kiarabu nayo ina jina la mnyama wa baharini linalofanana na "tahashi". Lakini wako wanaolinganisha neno hilo na lugha ya kale ya Babeli, ambayo ina neno kama hilo kwa ngozi iliyotiwa rangi. Basi katekista aseme kwa unyofu: ilikuwa ngozi ya thamani, na wengine hudhani ni ya nguva. Kusema hivyo hakupunguzi imani. Kubuni jibu ndiko kunakoipunguza.

Lakini tusiishie kwa mnyama. Tuangalie ngozi ile ilifanya kazi gani. Katika Kutoka sura ya 26 ni kifuniko cha juu kabisa cha Hema, kinachokabili jua na vumbi. Katika Hesabu sura ya 4 hufunika Sanduku la Agano na vyombo vitakatifu wakati wa safari. Halafu neno lile lile laonekana tena katika Ezekieli sura ya 16. Nabii anaifananisha Yerusalemu na mtoto mchanga wa kike, aliyetupwa uwandani siku ya kuzaliwa kwake, asiyeoshwa wala kuonewa huruma. Mungu akapita, akamwokota, akamlea, akamvika. Na viatu alivyomvalisha vilikuwa vya "tahashi".

Ndugu wapendwa, ngozi iliyostahili kufunika Sanduku la Agano Mungu aliiona inafaa kwa miguu ya mtoto aliyetupwa. Katika vijiji vyetu wako watoto wanaoitwa "wa kuokotwa", na wengine huketishwa nyuma hata katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza, nguo zao zikiwa zimechakaa. Je, tunawapa kilicho bora, au tunawapa makombo? Jumapili hii, kila jumuiya ndogondogo imtafute mmoja wao, imwite kwa jina lake la ubatizo, na imvalishe viatu.

Mungu awabariki. Amina.