Fahamu: Warsan Shire, mshairi mzaliwa wa Nairobi

Ni nani? Warsan Shire alizaliwa Nairobi mwaka 1988, wazazi wake wakiwa Wasomali, akalelewa London.

Ameandika nini? Kijitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka 2011. Mwaka 2013 alikuwa wa kwanza kutwaa tuzo ya ushairi wa Afrika ya Chuo Kikuu cha Brunel. Mwaka 2016 maneno yake yalisikika katika albamu ya Beyoncé, Lemonade. Diwani yake kamili ilichapishwa 2022.

Anagusia nini? Ukimbizi, vita na maisha ya wanawake. Shairi lake "Home" lilienea mno 2015, wakimbizi walipomiminika Ulaya.

Kijana wa mtaa wa Riruta unayetunga mashairi, msome: Nairobi pia huzaa washairi wa dunia.