Je, ni kosa kusema ‘tulikula hotelini’?

Juma lililopita nilikuwa Fort Ternan, kaunti ya Kericho, pamoja na mjukuu wangu. Njaa ilipotubana, tuliingia katika kijumba cha mabati kilichoandikwa ‘Hoteli’ mlangoni. Mjukuu akaninong’onezea: “Babu, mwalimu alinikata alama kwa kuandika ‘tulikula hotelini’. Alisema hoteli ni ya kulala. Ya kula ni mkahawa.”

Nikamwuliza mhudumu kama ana vyumba. Akacheka. “Vyumba vya nini, mzee? Hapa ni ugali, mboga na mursik tu.”

Je, nani kakosea? Neno ‘hoteli’ limetufikia kupitia Kiingereza, lakini asili yake ni Kifaransa, hôtel. Lina mzizi mmoja na ‘hospitali’: neno la Kilatini linalomhusu mgeni na mwenyeji wake. Kiini chake basi ni kumkaribisha mgeni, na mgeni hupewa kitanda na sahani pia. Wakenya walishika sahani. Ukimwambia mtu “twende hoteli tunywe chai,” hatabeba blanketi.

‘Mkahawa’ nao? Msingi wake ni kahawa, neno lenye asili ya Kiarabu. Watanzania wengi husema ‘mgahawa’. Wafaransa walipita njia iyo hiyo: café ni kahawa, na pia ni mahali inaponywewa. Hata restaurant lilikuwa jina la supu ya kumrejeshea mtu nguvu. Mjini Paris, katika karne ya 18, likawa jina la mahali supu hiyo ilipouzwa. Kwa hivyo hatushangai kuketi mkahawani Kericho, kwenye mashamba ya majani chai, bila tone la kahawa mezani. Ikiwa mkahawa umeruhusiwa kuacha kahawa, mbona hoteli isiruhusiwe kuacha kitanda?

Ushauri wangu ni huu. Katika insha, mwanafunzi aandike ‘mkahawa’, maana msomaji wa Dodoma au Unguja akiona ‘hoteli’ huenda akafikiria malazi kwanza. Lakini mwalimu asimkate alama kwa ‘hoteli’. Amweleze tofauti ya matumizi. Mtoto anayeadhibiwa kwa neno analolisoma mlangoni kila siku ataanza kuamini kwamba Kiswahili cha darasani si chake.