Daftari la Mgonjwa Katika Kompyuta

Daftari la mkono likipotea, habari za maradhi ya mgonjwa hupotea nalo. Kompyuta yaondoa taabu hiyo. Katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret katika Kenya, kazi hii ilianza Februari 2001: mgonjwa alipewa namba, tabibu aliandika katika fomu, karani akaziingiza habari katika mashini. Saa zilipopimwa, muda wa mgonjwa kituoni ulionekana umepungua sehemu 22 katika 100. Na muda wake mbele ya wahudumu, sehemu 58. Hesabu hii ya pili yataka kuangaliwa sana. Ikiwa kilichopungua ni kuandika jambo moja mara tatu, ni heri. Ikiwa ni kusikilizwa, ni hasara. Kwani kompyuta, ili ihesabu maradhi, hutaka jina lililomo katika orodha yake. Huku pwani mwanamke husema ana chango, neno lenye maumivu ya uzazi na mengine mengi ndani yake. Tabibu hana budi kuchagua moja. Pasipo nafasi ya kuandika maneno yake mwenyewe, atakayelisoma daftari hilo mwakani ataliona jina lililochaguliwa; chango hataliona.